Pipa la Tatu

Kwetu, kisima kikichimbwa upya, maji yake huonjwa kwanza na binti wa nyumba. Haonji mchimbaji, wala mwenye uwanja, wala shehe. Binti anapewa kata, anakunywa watu wakimtazama, kisha anatamka kwa sauti: matamu, au si matamu. Kabla hajasema hakuna anayetia ndoo. Akisema si matamu kinafungwa hapo hapo, hata kama wanaume wameshinda shimoni tangu asubuhi na mikono imewachubuka.

Pipa la kwanza la kisima chetu alionja Bibi, wakati huo mtoto asiye na meno ya mbele. La pili alionja Mama. La tatu nilionja mimi, na sidhani kama litakuwepo la nne.

Niseme kwanza habari ya mapipa. Ardhi yetu ni mchanga. Tuko upande wa Kionga, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, si mbali na mikoko, na ukichimba bila kuzuia, kuta zinakuangukia. Kwa hiyo watu huzamisha pipa lililotolewa kitako na kifuniko. Mchimbaji anasimama ndani yake, anatoa mchanga chini ya miguu yake, na pipa linashuka lenyewe pole pole. Ukija ukame mkubwa, maji yakarudi chini, wanaingia tena na kuchimba, pipa la zamani linashuka zaidi, na juu yake linawekwa jipya. Ndiyo maana la zamani ndilo liko chini kuliko yote. La mama yake Bibi halikuwa hata pipa, lilikuwa gogo la mtondoo lililotobolewa, ila sote tunaliita pipa. La Babu ni la chuma. Ukiinama ukachungulia unaona kutu ya Babu, na chini ya kutu unaona weusi, na huo weusi ndio gogo.

Kisima hicho ndicho kilichoturudisha. Wakati wa vita tulikimbia kama wote. Tulivuka Ruvuma, tukakaa kwa watu Mtwara, halafu Bibi na mimi tukarudi Palma kwa mjomba, kaka yake Mama. Mama alibaki ng'ambo na biashara yake ya maandazi. Mjomba hakutaka turudi kijijini. Alisema nyumba imechomwa, vijana wa kukwea minazi hawapo, tutaishi na nani kule. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia, "Nyumba ni miti na udongo, baba. Kisima changu hakikuungua." Basi mjomba akatupeleka mwenyewe kwa mota, pikipiki yake, Bibi katikati na mimi nyuma nimebeba sufuria.

Na kweli hakikuungua. Kilikuwa kimejaa makuti na chura mmoja mkubwa. Bibi alimtoa chura kwa ndoo, akamwambia, "Asante kwa kulinda, sasa nenda kwenu." Tulikisafisha, tukakiacha kilale, asubuhi maji yakawa meupe na baridi. Nakumbuka Bibi alikunywa kata nzima bila kupumua, na maji yakamchirizika kidevuni hadi kwenye leso, naye hakujifuta.

Hayo ni ya mwanzo. Nayaandika mapema kwa sababu baada ya hapa mazuri ni machache.

Mvua ya mwaka tuliorudi ilikuja na kimbunga. Ilinyesha siku chache kama iliyotumwa kuadhibu mtu, ikapita juu ya ardhi kwa haraka, ikaenda baharini na mbegu zetu za mpunga. Ardhi hata haikupata nafasi ya kunywa. Baada ya hapo hakuna kitu, mbingu nyeupe. Mwaka uliofuata ikachelewa. Tulitifua bonde, tukangoja. Tukapanda kwa mvua ndogo ya uongo, mpunga ukachomoza kama nywele za mtoto mchanga, jua likaumaliza. Tukapanda tena mbegu ya akiba. Hiyo hata haikuchomoza. Mikorosho ilitoa maua yakawa meusi kabla hayajafunga. Mihogo ilisimama, lakini ukiing'oa unakuta mzizi kama kidole.

Minazi ndiyo iliyonitia huzuni kuliko vyote, sijui kwa nini, maana siyo chakula pekee tulichonacho. Mnazi ukichoka hauanguki. Makuti ya chini yanainama, kisha ya juu, madafu yanadondoka yakiwa madogo kama ngumi, halafu siku moja unasikia kishindo, kichwa chote kiko chini, na mti umebaki nguzo. Nyuma ya nyumba yetu, ile tuliyoisimamisha upya kwa miti na udongo, kulikuwa na safu ya minazi aliyoipanda Babu. Bibi alikuwa akisema, "Babu yako anavua kofia," kila kichwa kilipodondoka. Mwanzoni tulicheka. Baadaye aliacha kusema.

Na maji yakashuka. Kata ya Bibi ina mpini mrefu, lakini tulianza kuifunga kamba. Ukiteremsha unasikia inakwaruza mchanga. Unapata maji nusu, unayaacha yatulie, unayamimina pole pole ili tope libaki. Majirani wote walichota kwetu, maana vya kwao vilikuwa vimekauka kabla. Ilikuwa lazima kupokezana, na katikati ya mchana hakuna kuchota, kisima kinapumzika.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika hata kama kisima kinapumzika. Alikuwa anakuja amechelewa, anakuta tumemaliza zamu, anakaa kwenye ndoo yake.

"Bibi, mie leo nitaoga kwa mate."

"Mate yako yanatosha kijiji kizima, shoga," Bibi akamjibu. "Anza kwako, halafu utugawie."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Akaliangalia lile doa la maji mchangani, na kicheko kikakatika, kila mtu akaliangalia. Lilinywewa mara moja.

Aliyesema tuteremshe pipa ni Bibi mwenyewe. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walilisema vingine. Alisema mama yake alipoona ukame alichimba, mume wake alipoona ukame alichimba, na kila mara maji yalikuwa chini yanangoja. "Maji ni kama kuku anayeatamia," alisema. "Ukimfuata alikojificha unamkuta." Wazee wa msikitini wakakubali. Mjomba akakubali, akasema ataleta pipa na motobomba, ile mashine ya kuvuta maji, ili mchimbaji afanye kazi pakavu. Hakuna aliyesema hapana. Hata mimi niliyesoma shule kidogo sikuwa na sababu ya kusema hapana, maana hatukuwa tumefika sura hiyo ya Geografia, na hata tungefika nisingesema.

Mchimbaji alikuwa fundi kutoka juu, kwenye uwanda, aliyekimbia na familia yake na kujenga kibanda karibu na kwetu. Watoto wake walikunywa kisima kimoja na sisi. Kwao maji yako mbali sana ardhini, alituambia. Kule mtu anachimba mpaka anasahau jua linafananaje. Alipotazama kisima chetu alicheka kwa upole.

"Mama, hiki ni kikombe, siyo kisima."

"Basi kifanye kisima," Bibi akasema. "Lakini uchimbe kwa heshima. Mama yangu yuko chini hapo."

Fundi akaitazama leso ya Bibi, akatazama shimo. Nikaona ameogopa. Ikabidi nimwambie, kwa sauti ndogo, ni gogo. Ndipo akacheka tena, na Bibi akacheka, na mimi nikaona aibu kwa sababu watu walikuwa wamenisikia.

Walisoma dua asubuhi, watoto wakapewa uji wa mchele, mchele wa kununua. Motobomba ikaunguruma. Fundi akashuka, ndoo za mchanga zikapanda. Mchanga wa mwanzo ulikuwa wa njano, halafu ukaja wa kijivu, halafu mweupe wenye vipande vya makombe ya pwani. Nakumbuka makombe yale. Watoto waliyaokota wakayatoboa kufanya shanga. Pipa la Babu likashuka, likapotea, na la tatu, la rangi ya buluu, likakaa juu yake. Kufika alasiri maji yalikuwa yanamfika fundi kiunoni, na motobomba haikuweza kuyamaliza. Alitoka amelowa, meno yanagongana, huku anacheka.

Kisha wote wakanigeukia mimi.

Mimi nikiitwa ubaoni shuleni, natazama chini mpaka aitwe mwingine. Nimesoma klasi nzima, yaani mwaka mzima, bila kuuliza swali. Bibi ananiita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini husema Babu asingenioa, maana angefikiri nyumba haina mtu. Basi nikapewa kata. Nikaona miguu ya watu, sikuinua macho. Nikanywa.

Yalikuwa matamu. Siku ile yalikuwa matamu kweli, baridi, na harufu kidogo ya chuma. Naliandika hili mara mbili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi.

"Matamu," nikasema.

"Hatujasikia," jirani akasema. "Mwenzenu anaongea na kata."

"Matamu," nikasema tena, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akanishika shingo, akaniambia sikioni, "Haya, mke mwenzangu, umekifungua."

Majuma yaliyofuata yalikuwa sikukuu. Watu walitoka vijiji vya jirani na baiskeli zilizofungwa madumu. Mjomba aliacha motobomba, na tuliitumia, maana kwa nini kuvuta kwa kamba. Bibi alimwagilia minazi ya Babu iliyobaki, dumu zima kwa kila shina. Alitia maji hata kwenye miche ya mpunga aliyoianzisha upya kivulini. Katikati ya mchana hakuna aliyekumbuka kukipumzisha.

Dalili ya kwanza ilikuwa sabuni. Nilikuwa nafua sare ya shule, na povu halikuja. Nikasugua zaidi, sabuni ikatoa utelezi mweupe kama maziwa yaliyokatika. Nikafikiri ni sabuni mbaya. Siku nyingine Bibi alipika kunde tangu asubuhi, na alasiri zikawa bado ngumu. Akalaumu kuni. Halafu birika likaanza kuota ukoko mweupe ndani. Kisha asubuhi moja nilikunywa kabla ya kwenda shule, na mwisho kabisa wa maji, yakishapita, kikabaki kitu kwenye ulimi, pembeni. Kama mtu aliyelia jana.

Sikusema. Nilifikiri ni mdomo wangu.

Bibi ana presha. Nesi wa posto ya afya alishamwambia aache chumvi, na aliacha kabisa, mpaka mboga yake mimi ilikuwa inanishinda kula. Sasa siku hizo mboga ikawa inalika. Nilikula nikashangaa, nikamwuliza kama ametia chumvi. Akasema, "Ningetia chumvi ungeniona nimekufa." Tukatazamana. Akachukua kijiko, akaonja mchuzi, akakiweka chini.

Tangu hapo kila asubuhi, ndani ya nyumba, kabla watu hawajaja, alinipa kikombe.

"Onja."

"Kidogo, Bibi."

"Kidogo kama jana?"

"Kama jana na nusu."

"Kisima kipya kina hamaki," alisema. "Kitatulia. Mvua ikija kitaoshwa."

Ulimi wake mwenyewe hakuuamini. Alisema uzee unatia chumvi katika kila kitu. Nami nilitamka polepole, ndani, na kutamka ndani hakuhesabiki. Nje, kisima kilikuwa bado kitamu, kwa sababu aliyekifungua hajakifunga. Watu walikuja, walichota, walikunja sura, na waliendelea kuchota. Jirani yetu alisema, "Mie sasa siungi mchuzi, Bibi ananiungia," lakini alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka sana.

Shuleni siku hizo profesora, mwalimu wetu wa Geografia, alichora ubaoni. Alichora nchi kavu, alichora bahari, na chini ya nchi kavu akachora mstari uliopinda kama tumbo la bakuli. Kireno wanaita *lençol*, shuka, yale maji yaliyotandikwa chini ya ardhi. Alisema karibu na pwani maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, hayachanganyiki, kama tui zito linavyokaa juu ya jepesi likitulia. Yeye ni mtu wa Nampula lakini anajua mambo ya nazi. Mvua zikipungua, tui la juu linakuwa jembamba. Bahari ikipanda, la chini linasukuma. Na anayechimba sana, au anayevuta sana na mashine, anatoboa.

Niliandika kila neno. Ule mchoro nikauchora mara mbili.

Sikuuliza darasani. Nilimngoja nje, palipoegeshwa baiskeli, na alipotoka nikamwuliza hivi nilivyojipanga: kama mtu ametoboa, na akaacha kuvuta, maji yanarudi kuwa matamu?

"Yanaweza kurudi," alisema. "Mvua ikinyesha vizuri. Miaka kadhaa vizuri." Kisha akanitazama. "Ni kisima chenu?"

Nikasema ni mfano tu. Nikapanda baiskeli.

Njiani nilipita bondeni. Sikuwa nimepita siku nyingi, maana hakuna cha kuangalia. Na pale kwenye mpaka wa jaruba la Bibi nikaona mlakasa. Mlakasa ni mmea wa ufukweni, unatambaa juu ya mchanga karibu na maji ya chumvi, una maua ya zambarau, watoto wanachezea. Mahali pake ni pwani. Sasa ulikuwa umefika kwenye mpunga. Ulikuwa na afya, majani manene yanang'aa, ua limefunguka. Kila kitu pale kilikuwa kimekufa na wenyewe ulikuwa unatambaa tu kuelekea nyumbani, kama mgeni aliyeambiwa karibu. Nilishuka nikaung'oa. Mzizi ulikuwa mrefu, ulikatika, nusu ikabaki ardhini. Nikakaa chini nikalia, halafu nikaogopa mtu atapita, nikanyanyuka.

Jioni hiyo nilimweleza Bibi. Nilimchorea kwa kijiti kwenye uwanja, bahari hapa, sisi hapa, tui zito, tui jepesi. Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Aliangalia mchoro, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mama yangu alipochimba, tui lilikuwa nene?"

"Labda, Bibi. Mvua zilikuwa zinakuja."

"Basi hakukosea."

"Hakukosea."

"Wala Babu yako."

"Wala Babu."

Akaufuta mchoro kwa mguu, na ndipo nilipouona mguu wake vizuri. Ulikuwa umevimba. Alama ya kanda ya kandambili ilikuwa imezama kwenye nyama, na haikurudi juu.

Nilimsukuma twende posto. Nesi akampima, akapima tena mkono wa pili. Akamwuliza kwa ukali, "Bibi, si tuliacha chumvi?" Bibi akasema ameacha. Nesi akanigeukia mimi, kama ninayempikia. Nikafungua mdomo kusema ni maji, na Bibi akanibana mkono, akabana kweli. Kwa sababu ningesema ni maji, nesi angesema ahame, na angekuwa na haki. Tukarudi na vidonge. Alivimeza kwa maji ya kisima.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Bibi amechagua. Alikuwa ameamua kukifia kisima, na alitaka nimsaidie kwa kunyamaza, kazi ninayoiweza kuliko zote. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Asubuhi alinipa kikombe, nilisema "kidogo", naye akanywa chote akinitazama.

Siku niliyokifunga haikuwa na kitu maalumu. Wanawake walikuwa kisimani, na mazungumzo yalikuwa juu ya fundi. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha, na mkewe hakuja kuchota. Mmoja akasema fundi wa juu ndiye aliyetuharibia, kwao wanachimba kama panya. Mwingine akasema labda alitia kitu. Nilimwona fundi mwenyewe amesimama kando na dumu lake, anasikia, anaangalia chini kama mimi ninavyoangalia chini.

"Nani alimwambia achimbe?" Bibi akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, hawezi kusimama muda mrefu tena. "Semeni. Si mimi? Kama kuna panya, ni panya wangu."

"Bibi, hatusemi wewe," jirani akasema. "Na mie sioni kisima kina nini. Binti yako hajasema kitu."

Wote wakanigeukia, kama siku ile. Bibi pia. Macho yake yalisema nisiseme. Nilichukua kata ya karibu, ya mtu, nikanywa. Sikuhitaji kunywa.

"Chumvi," nikasema.

Jirani hakusema hatujasikia. Walisikia wote. Kuna aliyemwaga ndoo yake polepole juu ya mchanga, kisha mwenzake, na hakuna aliyemsema mwenzake. Fundi akaweka dumu chini, akakaa juu yake. Bibi alikaa vile vile kwenye kinu. Baadaye akaniambia, siyo kwa hasira, "Ulimi wako umeota meno," na siku nzima hakuniita mke mwenzangu.

Mjomba alikuja kumchukua. Bibi akasema tungoje mvua, hata moja. Mjomba akasema, "Mama, mvua gani, mwezi huu?" Lakini mbingu, kwa ubishi wake, ikanyesha kesho yake, mvua nzuri ya mchana, matone makubwa, harufu ya ardhi ikapanda mpaka watoto wakatoka uchi. Ilidumu kama muda wa kupika wali. Bibi alisimama barazani, mkono ameutoa nje. Ilipokatika akaniambia nichote.

Kisima kilikuwa kimepanda. Maji yalifika pipa la buluu. Yalikuwa safi, unaona mbingu ndani yake. Mjomba alisimama na funguo za mota mkononi, jirani alikuwepo, fundi na mkewe walikuwepo na mtoto mgongoni. Bibi hakusema onja. Alingoja tu.

Nilikunywa. Nilitaka sana. Nilikunywa mara ya pili nikitafuta utamu mbele, nyuma, chini ya ulimi.

"Chumvi, Bibi."

"Haya," akasema. Akaingia ndani kuchukua leso yake.

Kabla ya kuondoka alimwomba fundi afunike kisima, asikifukie. Fundi akafunika kwa makuti ya minazi ya Babu na juu akaweka mawe, mbuzi wasitumbukie. Jirani alibaki, anafuata maji Kionga kwa baiskeli, nasikia anasema ameota misuli kama mwanamume. Fundi naye alihama tena, sijui wapi. Alikuwa ameshazoea kuhama, alituambia, lakini mke wake alilia.

Sasa tuko Palma. Bomba liko uwanjani kwa mjomba, linatoa maji siku linayotaka. Miguu ya Bibi imepungua kidogo. Anakaa kwenye mkeka upande wa ukuta, na hana cha kufanya, maana hapa hakuna cha kupalilia. Akiulizwa anasema hajambo. Wakati mwingine ananiuliza kama mlakasa umefika mlangoni, nami nasema sijui, kwa kuwa sijaenda kuona, na siendi.

Nikimletea maji hanywi. Anashika kikombe, ananitazama mdomo. Mara ya kwanza sikuelewa, nikafikiri ni cha moto. Sasa najua. Nakichukua, naonja kwanza, mbele ya watoto wa mjomba ambao wanacheka, na natamka.

"Matamu."

Ni matamu kweli. Anakunywa kidogo, anakiweka chini, na kinakaa hapo mpaka jioni.